Mwongozo kamili wa kuandika bila kumezwa na simu: daftari la mkopo, kiswaswadu na saa ya alfajiri

Faili linaitwa RIWAYA MPYA MWISHO KABISA 2. Lina kurasa tatu na nusu. Mwenye nalo ni dada mmoja wa Makorora, na tangu mfungo uliopita amenijia mara nne na flashi yake nimpangie kurasa. Mara zote nne kurasa zilikuwa tatu na nusu. Mara ya nne nikamwuliza, "Dada, huandiki?"

"Naandika kila siku, kaka. Kila siku nakaa saa mbili nzima."

Hakudanganya. Kukaa anakaa.

Nina steshenari hapa Tanga, Ngamiani, na pembeni nahariri miswada ya watu. Wanaokwama namna hii si wavivu. Kuna mwalimu mwenye tamthilia yake, kijana wa chuo na ripoti ya utafiti, mama anayeandika hadithi za kuendelea kwa wasomaji wa WhatsApp. Wote wananipa maelezo yaleyale: "Nilishika simu kidogo tu, niangalie kitu kimoja." Mwongozo huu nimeutoa kwa mdomo hadi koo limekauka, basi leo nauandika.

Jambo moja kwanza, kwa sababu hatua zote zimejengwa juu yake. Mwandishi hatolewi kwenye kazi na uvivu. Hutolewa na swali dogo, tena swali la halali kabisa.

Mimi mwenyewe nilikuwa naandika kisa cha mzee aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge njia ya Pangani. Nikafika kwenye sentensi inayotaka mwaka. Nikachukua simu. Jibu nililipata haraka: mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche aliyoagiza kutoka Florida iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Vizuri. Chini ya jibu kulikuwa na video ya korona, ile mashine ya kiwandani, ikichana majani ya mkonge. Baada yake mapishi ya pweza wa nazi. Baada yake watu wawili wanatupiana maneno juu ya Coastal Union, mmoja anasema timu haijawahi kuchukua ubingwa wa nchi, na mimi najua ilichukua mwaka 1988, basi nikaona haiwezekani nikanyamaza. Nilipoinua kichwa muadhini alikuwa ameshaanza adhana ya adhuhuri. Nilikuwa nimekaa tangu saa tatu asubuhi.

Mwaka ule wa mkonge niliuandika kesho yake.

## Vitu vya kuandaa

Usianze hatua ya kwanza kabla hujavikusanya vyote. Anayeanza nusunusu atarudi kwenye simu "kutafuta kinachokosekana".

- Daftari dogo la shule, jembamba, la kulala mezani pembeni mwa kazi. Hili ndilo kiini cha mwongozo.
- Kalamu mbili. Moja ikikauka usipate sababu ya kuinuka.
- Saa isiyo simu. Ya ukutani, ya mkononi, ya mezani yenye kengele, yoyote. Ukiangalia saa kwenye simu umeshaingia mlangoni.
- Kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu. Cha mitumba kinatosha, ilimradi betri yake inakaa na chaji.
- Adapta ya laini. Viswaswadu vingi hutumia laini kubwa, na laini ya simu yako ya kioo ni ndogo. Bila adapta itapwaya au kukwama ndani.
- Mahali pa kuiweka simu kubwa, nje ya chumba unachoandikia.
- Kompyuta kama unayo. Kama huna, kaunta buku la jalada gumu linafanya kazi ileile, na nitakwambia ukweli: wateja wangu wanaoandika kwa mkono kwanza ndio wanaomaliza.

## Hatua ya 1: Pima siku tatu bila kujirekebisha

Fungua Mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoonyesha umetumia kila programu kwa muda gani na umeifungua simu mara ngapi kwa siku. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni zinayo, iPhone nayo inayo. Kila usiku, kwa siku tatu, andika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: programu mbili za juu, dakika zake, na idadi ya kufungua.

Sababu: watu humshika mwizi asiye mwizi. Mwalimu wangu wa tamthilia aliapa kwamba anamalizwa na Facebook. Tulipopima, Facebook ilikuwa dakika kumi na mbili. Kilichokuwa kinammaliza ni stetasi za WhatsApp, za watu ambao nusu yao hawakumbuki hata alipata wapi namba zao.

Onyo: usifute programu yoyote katika siku hizi tatu. Mimi nilifuta zote Ijumaa jioni kwa hasira, nikajiona shujaa. Jumamosi baada ya chakula cha usiku nilikuwa nazipakua upya, tena kwa bando nililoazima.

Umefaulu ukiweza kusema, bila kuangalia, jina la programu inayokula muda wako na saa ya siku inapoula.

## Hatua ya 2: Kausha simu

Hapa tunapunguza vinavyokuita. Kazi hii inachukua kama saa moja, na huifanyi tena.

Arifa. Acha za simu zinazopigwa, meseji za kawaida na miamala ya pesa. Nyingine zote zima, hata zile zinazojifanya za maana, kama ya kukwambia rafiki yako "ameposti baada ya muda mrefu".

Magrupu. Usitoke. Nyamazisha. WhatsApp itakuuliza kwa saa 8, wiki moja au daima. Chagua daima, kisha lipeleke grupu kwenye kumbukumbu (Archive) ili lisikae mbele ya macho. Litabaki huko hata zikija meseji mia.

Stetasi. Za kila mtu unaweza kuzinyamazisha mojamoja kwa kubonyeza jina na kushikilia. Mwenyewe hapati taarifa.

YouTube. Futa historia ya ulivyotazama, kisha uizime kabisa isiendelee kurekodi. Ukurasa wa mbele unabaki mtupu, wenye kisanduku cha kutafutia tu. Mara ya kwanza nilidhani nimeiharibu simu. Zima pia ile ya video kujiendeleza yenyewe.

Facebook na Instagram. Ondoa programu kwenye simu na utumie kivinjari, na kila ukimaliza utoke kwenye akaunti. Nywila usiihifadhi humo. Iandike kwenye karatasi uiweke mbali kidogo. Muda wa kuinuka na kuandika nywila ndefu ni mfupi, lakini ndani yake akili hupata nafasi ya kujiuliza: hivi nilikuwa nafuata nini?

Sababu ya yote haya naiona kila jioni barazani kwetu. Mzee wa kahawa anakuja na birika lake, watu wanakunywa, wanabishana, kashata zinaliwa. Birika likiisha anakusanya vikombe, na watu wanajikuta wameinuka, kila mtu kwake. Hakuna aliyewafukuza. Gazeti nalo lina ukurasa wa mwisho. Mitandao birika lake haliishi: ukifika chini inajijaza. Mbunifu mmoja Mmarekani, Aza Raskin, ndiye aliyebuni mtindo huo wa ukurasa usio na mwisho mwaka 2006, na baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Wewe usijilaumu kwa kushindwa kuinuka. Kile kinachomwinua binadamu kimeondolewa makusudi.

### Onyo la hatua ya 2: jamaa zako

Hapa ndipo miongozo mingi ya kigeni inapomvunjia mtu heshima. Inakwambia ujitoe kwenye magrupu. Jitoe kwenye grupu la ukoo uone. Utaulizwa una ugomvi na nani. Grupu la mchango wa harusi, la kikoba, la msiba: hayo ni sehemu ya kuishi na watu, na mtu asiyeonekana msibani kwa sababu "hakuona meseji" ataambiwa hivyo hadi mwaka ujao.

Kwa hiyo kabla ya kunyamazisha chochote, chagua mtu mmoja katika ukoo ambaye habari zote hupitia kwake. Kila ukoo unaye. Kwetu ni shangazi. Nilimpigia.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

"Shangazi, kuanzia kesho asubuhi hadi saa mbili sitakuwa WhatsApp. Likitokea lolote nipigie kwa namba hii hii."

"Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi. Naandika."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Lakini msiba haumsubiri mtu amalize kuandika."

Katika miezi minane amenipigia asubuhi mara mbili. Mara moja msiba kweli, na nilitoka palepale. Mara ya pili kuniuliza kama nimeshamaliza.

Umefaulu ikiwa simu inaweza kukaa mezani saa nzima bila kutoa mlio, na hakuna ndugu aliyenuna.

## Hatua ya 3: Hamishia laini kwenye kiswaswadu

Usiku, kabla ya kulala, zima simu kubwa, toa laini, iweke kwenye adapta, ingiza kwenye kiswaswadu. Jipigie kwa simu ya mwingine kuhakikisha inaita.

Sababu: kisingizio kikubwa cha kulala na simu kubwa kichwani ni "nisije nikapigiwa". Sasa unapigiwa. Hata pesa unatuma na kupokea, maana menyu ya kubonyeza nyota na reli haihitaji intaneti wala kioo.

Onyo la kwanza: adapta za bei ya chini hunasa ndani ya simu. Ingiza taratibu, na usiingize adapta tupu isiyo na laini. Onyo la pili: WhatsApp iliyoko kwenye simu kubwa haipotei kwa kutoa laini, ila ukiletewa meseji yenye namba ya uthibitisho ambayo hukuiomba, usimpe mtu yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa mtandao.

Kama laini kuhamahama inakuchosha, sajili ya pili kwa ajili ya kiswaswadu na uwape namba wachache. Mimi napenda kuhama. Ule usumbufu asubuhi wa kurudisha laini kwenye simu kubwa umeniokoa mara nyingi kuliko nia yangu njema.

## Hatua ya 4: Simu kubwa ilale chumba kingine

Kulaza kioo chini mezani hakutoshi, kuibana chini ya mto hakutoshi, na kuiacha chumbani "kwa sababu inachaji" ndiko kubaya zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walitoa matokeo kwamba watu walifanya vibaya kidogo kwenye majaribio ya akili simu zao zikiwa mezani, hata zikiwa kimya, kuliko zilipokuwa chumba kingine. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata wote matokeo yaleyale, sitakuficha. Lakini mimi sihitaji Texas kunithibitishia kwamba sahani ya sambusa iliyofunikwa bado inanukia.

Simu yangu hulala kwenye kabati la vyombo, chini ya sinia la pilau. Ili kuifikia lazima nipige kelele za sufuria, na mke wangu atauliza, "Unatafuta nini alfajiri hii?" Swali hilo sina jibu lake la heshima.

Kama unaishi chumba kimoja, mpe jirani unayemwamini, imezimwa. Kijana wa ripoti ya utafiti aliiacha kwa mama muuza vitumbua, akaichukua saa mbili pamoja na vitumbua vyake. Alinenepa kidogo. Ripoti ilikwisha.

## Hatua ya 5: Saa na mahali

Hili halina maneno mengi. Saa nzuri hapa kwetu ni baada ya swala ya alfajiri, tuseme saa kumi na moja na nusu hadi saa moja, kabla joto halijapanda na kabla mtu hajakutuma sokoni. Kwa wale wa usiku, baada ya watoto kulala, lakini jua kwamba usiku mwili umechoka, na mwili uliochoka hutafuta kuskroli.

Mahali: meza inayotazama ukuta. Maktaba pia ni nzuri. Ras Kazone kuna upepo mtamu, ila utaishia kuangalia ngalawa. Barazani usiandike kabisa. Kila anayepita na baiskeli ana salamu, na salamu za Tanga hazina kituo cha mwisho.

## Hatua ya 6: Daftari la mkopo

Sasa kiini chenyewe. Simu umeiondoa, lakini maswali bado yanakuja, na yatakuja mengi zaidi kwa kuwa yamezoea kujibiwa papo hapo.

Unajua duka la mtaani linavyofanya. Mteja anataka sukari robo, hana hela. Mwenye duka hagombani naye wala hafungi duka kwenda kumtafutia hela. Anachukua daftari, anaandika jina na kiasi, anaendelea kuuza. Fanya vivyo hivyo na akili yako. Kila inapodai "hebu angalia", mwandikie mkopo.

Namna ya kufanya:

1. Fungua ukurasa mpya kila siku, andika tarehe juu.
2. Swali likija, lipe namba na uliandike kwa mstari mmoja. Usizidishe mstari.
3. Kwenye kazi unayoandika, mahali pa jibu, weka neno DENI na namba yake kwa herufi kubwa: *Mkonge uliletwa mwaka DENI 1, wakati babu yake...*
4. Endelea na sentensi ileile hadi nukta.

Hii hapa ni mistari saba ya mwanzo ya ukurasa wangu wa siku ya kwanza, kama ilivyo:

*1. Mkonge mwaka gani*
*2. Kutoka mjini hadi magofu ya Tongoni kilomita ngapi*
*3. Coastal wamecheza jana?*
*4. Yule bwana amejibu kuhusu 1988?*
*5. Kuchana mkonge au kusindika, lipi wanasema kiwandani*
*6. Bei ya wino wa printa*
*7. Nataka tu kuangalia*

Namba 7 usiidharau. Iandike hivyohivyo. Tamaa isiyo na swali nayo ni mteja, mwandikie.

Sababu ya daftari hili ni mbili. Kwanza, akili inang'ang'ania swali kwa kuogopa kulisahau, na ikiona limeandikwa inaliachia. Pili, kuruka kutoka kazi moja kwenda nyingine kuna gharama hata ukirudi haraka. Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kuhusu kile alichokiita mabaki ya umakini: unapohama, sehemu ya akili inabaki ulikotoka. Ukitoka kwenye ugomvi wa mpira ukarudi kwa mzee wako wa mkonge, kwa muda fulani mzee anaongea kama shabiki.

Maonyo matatu. Usilipe deni "kwa sababu hili ni la haraka". Yote hujiita ya haraka. Usiweke daftari hili ndani ya simu, nadhani sihitaji kueleza. Na usianze kulipamba kwa wino wa rangi na vichwa vya habari, maana nimeona watu wakikimbia kuandika kwa kujipamba na daftari.

Mafanikio yanaonekana kwenye idadi. Siku yangu ya kwanza nilikopa mara kumi na tisa ndani ya dakika arobaini. Wiki ya tatu zilikuwa tano au sita kwa kikao, na zilikuwa zimebadilika sura: "angalia" zimepungua, maswali ya hadithi yenyewe yameongezeka. Yule dada wa Makorora alinionyesha daftari lake, ukurasa mzima ulikuwa juu ya mhusika wake: *anavaa viatu gani, mama yake alimwitaje utotoni, kwa nini hakuenda Muheza siku ile.* Hapo nilijua ameshaingia ndani ya riwaya.

## Hatua ya 7: Kikao chenyewe

Anza na dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Wiki ya pili ongeza hadi thelathini, na usizidishe arobaini bila kupumzika.

Dakika kumi za mwanzo ni mbaya. Nakwambia mapema ili zikija usidhani una kasoro. Mkono utapapasa mezani kutafuta simu isiyokuwepo. Utakumbuka nguo zilizoanikwa. Utaona kiu. Sheria ya muda huo ni fupi: ruhusa kuandika vibaya, ruhusa kukaa ukitazama ukuta, hakuna ruhusa ya kuinuka. Watu wengi hufeli dakika ya saba, hasa waliokuwa wamezoea simu ifunguke kila baada ya kitambo kidogo.

Kama unatumia kompyuta, zima intaneti yake na ufunge kila kitu isipokuwa faili moja. Faili lipewe jina la kawaida. Hilo la MWISHO KABISA 2 liache. Linakufanya uogope kuandika la kwanza.

Muda ukiisha, simama katikati ya sentensi unayoijua mwisho wake. Kesho utaanzia pale bila kuhangaika, na ile nusu sentensi itakuita yenyewe wakati unapiga mswaki.

Umefaulu si kwa idadi ya maneno. Umefaulu ukishtuka kengele ikilia.

## Hatua ya 8: Kulipa madeni

Lipa mara moja kwa siku, jioni, na usilipe kabla ya kuyachambua. Chukua daftari, pitia mistari yote na kalamu.

Ya kufuta. Nusu yake hayana mdai tena. *Yule bwana amejibu?* Nani anajali. Piga mstari. Hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote, kama mwenye duka anayegundua kumbe hadaiwi.

Ya kumwuliza mtu. Kabla ya intaneti, tazama kama kuna binadamu anayejua. Deni langu namba 5 nilimpelekea mzee wa kahawa, ambaye ujana wake aliupitishia mashambani. Alinijibu neno, kisha bila kuulizwa akanieleza jinsi utomvu wa mkonge unavyowasha mikono, na jinsi harufu ya kiwandani ilivyokuwa inabaki kwenye nguo hata baada ya kufuliwa, hadi mkewe akawa anaanika shati lake peke yake. Hilo shati nimeliweka kwenye kisa. Sikuwa nimeliandika kama deni, na hakuna ukurasa wa mtandao ambao ungenipa.

Ya mtandaoni. Yaliyobaki, ambayo kwa kawaida ni matatu au manne, yafuate kwa kanuni hizi:

- Weka saa: dakika ishirini.
- Ingia kwa kutafuta swali lenyewe kwenye kivinjari. Usifungue programu ya mtandao wa kijamii "kuuliza huko".
- Andika jibu kwenye daftari, kisha kata mstari, kisha nenda linalofuata.
- Mwaka, jina au takwimu: hakikisha sehemu mbili zisizonakiliana.
- Lipa ukiwa umesimama. Mimi nalipia kaunta ya duka, wateja wakiwa mbele yangu. Mtu aliyesimama hazami.

Onyo: siku ambayo una njaa, umegombana na mtu, au huna usingizi, usilipe. Ahirisha hadi kesho. Siku hizo dakika ishirini hugeuka saa mbili.

Umefaulu ukifunga kivinjari kabla saa haijalia.

## Hatua ya 9: Ukiteleza

Utateleza. Wiki ya pili, mara nyingi, baada ya siku nne nzuri.

Ukijikuta katikati ya video ya tano, usisubiri "nimalizie hii". Iweke simu ilipokuwa, chukua daftari, andika mstari mmoja: ulitoka kazini ukitafuta nini. Usiandike majuto, andika swali. Mistari hii baada ya mwezi itakuonyesha mlango wako. Wangu ni miaka na tarehe. Wa mwalimu ni kusubiri majibu ya mtu aliyemtumia kazi yake. Wa dada wa Makorora ulikuwa visawe: alikuwa akitafuta neno zuri zaidi la "huzuni", anaishia kwenye mafumbo ya mapenzi hadi usiku. Siku hizi anaandika HUZUNI DENI 3 na kupita.

## Kwa wanaoandikia kwenye simu yenyewe

Najua, wengi hamna kompyuta, na hadithi zenu zinatoka sehemu ya kwanza hadi ya arobaini kwa kidole gumba. Mnaweza kufuata yote haya kwa mabadiliko machache.

Kama unaweza kupata simu kuukuu ya kioo, hata yenye ufa, iweke bila laini na bila kuiunganisha na intaneti yoyote. Ondoa kila kitu, acha sehemu ya kuandikia tu. Hiyo sasa ni taipureta yako. Kama huna, weka ileile moja kwenye hali ya ndegeni, washa saa ya ukutani, na andika kwenye programu ya madokezo, kamwe si ndani ya kisanduku cha kuposti. Ukiandikia pale pa kuposti unamsikia msomaji anavyopumua.

Na wasomaji wenyewe wanaodai "tunasubiri sehemu ya tano" kila baada ya dakika kumi: wape siku na saa maalumu, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi baada ya isha, na uwe na sehemu tatu mbele ambazo umeshaziandika. Mama wa hadithi za kuendelea alipofanya hivyo walilalamika wiki moja. Wiki ya pili walikuwa wameshazoea, na yeye alikuwa ameacha kuwaua wahusika kwa sababu ya kuchoka.

## Kabla hujaleta kuchapa

Kwenye faili, fungua kitafutio na uandike neno DENI. Hesabu yanayojitokeza. Kila moja limalize kwa jibu lililoko daftarini, au lifute pamoja na sentensi yake kama umegundua halikuhitajika. Usishangae yakiwa mengi. Tafuta tena hadi kompyuta iseme hakuna kilichopatikana. Ndipo uje na flashi.

Juma lililopita yule dada alikuja. Faili sasa linaitwa RIWAYA, basi, na lina kurasa hamsini na nane. Nikachapa. Ukurasa wa thelathini na moja ukatoka umeandikwa, katikati ya sentensi ya mama mzazi anayemuaga mwanawe stendi ya Kange: *DENI 12*. Tukatazamana. Akaazima kalamu yangu, akaandika juu yake kwa mkono, akanilipa kurasa zote hamsini na nane.